Mkono Mtupu: Maneno ya Karate na Yalikotoka

Mhariri alipotuomba tuandike jambo la historia tulisita, maana sisi ni watu wa mahesabu na michoro ya mitambo, si watu wa vitabu vya kale. Lakini jambo lenyewe lilitujia sebuleni kwa njia ya simu.

Jumapili moja binti yetu wa miaka 11 alikuwa akizungumza na bibi yake aliyeko Tanga. Kiswahili cha binti huyu ni cha kuokoteza, kama cha watoto wetu wengi waliozaliwa huku Uingereza. Bibi akamwuliza jana alishinda akifanya nini. Mtoto akajibu kwa furaha, "Bibi, nilifanya kata!" Pakawa kimya, kisha sauti ya bibi ikapanda: "Umekata nini, mwanangu? Umejikata? Hebu nipe mama yako!" Ilituchukua dakika nzima kumweleza kwamba mjukuu wake hakushika kisu, bali yumo katika mazoezi ya karate kila Jumamosi, na kwamba "kata" ni mfuatano wa hatua na mapigo ambao mwanafunzi huukariri na kuucheza peke yake, kama anapigana na maadui asiowaona. Bibi akashusha pumzi. "Basi si mngesema anacheza karate? Mwanitia presha bure."

Tulicheka, lakini usiku ule tukamwomba binti atuandikie maneno yote anayorudi nayo kutoka mazoezini. Akajaza karatasi mbili bila kusita. "Hajime" ni anza. "Yame" ni acha, ingawa kwa sikio la Mswahili ni kitenzi kilichokatwa njiani, unabaki ukingoja: yame... yamekuwaje? "Hai" ni ndiyo, na wanafunzi huitikia kwa pamoja kama wanaotangaza kwamba hawajafa. Lipo pia neno la kukinga pigo, "uke", ambalo kwa Kiswahili hatulitamki mbele ya wakwe. Kisha akahesabu hadi kumi kwa Kijapani, haraka na bila kosa. Tulipomwomba ahesabu kwa Kiswahili alikwama kwenye sita.

Sisi wenyewe tulikulia Dar es Salaam katika miaka ya 1980. Tukitoka sinema pale Avalon au Empire, njia nzima ya kurudi nyumbani ilikuwa mateke, na kila mmoja alitaka kuwa staringi. Filamu zilikuwa za kung fu kutoka Hong Kong, lakini kwetu zote zilikuwa karate. Karate yenyewe ilikuwapo mjini pia: mtindo wa Goju-ryu ulikuwa umeanza kufundishwa Dar katika miaka ya 1970 na mwalimu Mmarekani mweusi. Tulisikia "ichi, ni, san" ikitoka madirishani, tukaamini kwamba haya ni maneno ya kale, yaliyoshuka kutoka milima ya Japani tangu enzi na enzi. Sasa tumesoma zaidi, na tumegundua kwamba tulikosea. Mengi ya maneno hayo katika karate ni machanga kuliko reli ya Uganda.

Tuanze na jina lenyewe. Karate haikuzaliwa Tokyo. Ilizaliwa katika visiwa vya Ryukyu, kati ya Japani na Taiwan, ambavyo kikubwa chake ni Okinawa. Hapo palikuwa na ufalme uliounganishwa mwaka 1429, ukaishi kwa biashara ya baharini kama miji yetu ya mwambao: meli za China, za Japani na za Asia ya Kusini-Mashariki zilikutana bandarini Naha. Mwaka 1609 watu wa Satsuma, kutoka kusini mwa Japani, waliuvamia na kuufanya ulipe kodi, lakini mfalme aliendelea kupeleka wajumbe na zawadi China vilevile. Watawala wawili, bendera moja. Hatimaye mwaka 1879 Japani iliufuta ufalme huo, ikamhamishia mfalme Tokyo, na visiwa vikawa mkoa wa Okinawa.

Wenyeji waliiita sanaa yao ya kupigana "ti", yaani mkono. Palipokuwa na mafunzo kutoka China waliita "toodii", mkono wa Tang, kwa jina la ukoo wa kifalme wa China uliotawala kuanzia mwaka 618 hadi 907 na ambao jina lake lilibaki kuwa njia ya kuitaja China nzima. Kwa maandishi zilikuwa alama mbili: Tang, na mkono. Na alama hizo hizo mbili, akizisoma mtu kwa namna nyingine ya Kijapani, hutamkwa "karate". Kwa hiyo karate, kwa maana yake ya mwanzo, ni mkono wa China.

Sasa angalieni ufundi wa mabadiliko. Katika Kijapani sauti "kara" ina alama nyingine pia, yenye maana ya tupu, na ndiyo hiyo hiyo ya anga. Ukiondoa alama ya Tang ukaweka ya tupu, matamshi hayabadiliki hata kidogo, lakini maana inageuka: mkono mtupu. Mwalimu wa Okinawa aitwaye Hanashiro Chomo aliandika hivyo mwaka 1905. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule aliyezaliwa Okinawa mwaka 1868, alipokwenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha sanaa hii, kitabu chake cha mwaka huo bado kiliandika mkono wa China. Kitabu chake cha mwaka 1935 kiliandika mkono mtupu, na kikaongeza neno "do", njia, kama lile lililomo katika judo na kendo.

Kwa nini? Funakoshi alikuwa na maelezo ya heshima: mpiganaji hashiki silaha, na mtu anapaswa kuutoa ubinafsi moyoni mwake awe mtupu. Hatuyadharau maelezo hayo. Lakini tarehe nazo zina kauli yake. Mwaka 1931 jeshi la Japani liliingia Manchuria. Mwaka 1937 vita kamili na China vikaanza. Katika Tokyo ya miaka hiyo, sanaa yenye jina la China ingetafuta wapi wanafunzi, na nani angeipa kibali? Tarehe 25 Oktoba 1936 walimu wakubwa wa Okinawa, akiwemo Hanashiro mwenyewe na Miyagi Chojun wa Goju-ryu, walikutana Naha kwa mwaliko wa gazeti la Ryukyu Shimpo, wakakubaliana kwamba kuanzia hapo iwe mkono mtupu.

Sisi mafundi tunajua kwamba ukibadili kibandiko kwenye mashine, mashine inabaki ile ile. Ila anayekuja baada yako husoma kibandiko, na huagiza vipuri kwa kufuata kibandiko. Ndivyo ilivyokuwa. Vizazi viwili baadaye, watu duniani kote waliijua karate kuwa ni Kijapani tupu, na China ikasahaulika.

Baada ya jina kubwa yalifuata majina madogo. Itosu Anko, aliyeingiza karate katika shule za Okinawa mwaka 1901, alitunga kata tano za wanafunzi akaziita Pinan. Ni neno la Kichina, na Mswahili angelitafsiri kwa neno moja: salama. Funakoshi alizisoma alama zile zile kwa Kijapani, zikawa Heian. Iko kata iitwayo Kushanku, jina la Mchina anayetajwa katika maandishi ya mwaka 1762. Funakoshi akaiita Kanku, kutazama anga, kwa kutumia alama ile ile ya "kara" mpya. Naihanchi ikawa Tekki. Wanshu ikawa Enpi. Yaliyobaki katika mitindo ya Okinawa yanatuonyesha yaliyofutwa kwingine: Goju-ryu bado wana kata iitwayo Suparinpei, ambayo si kitu ila 108 kwa matamshi ya Kichina cha kusini. Mjapani wa kawaida hawezi kuitambua kuwa ni namba. Ni kama mtoto wa Tanga anayesema sita, saba na tisa bila kujua kwamba hizo zilipanda jahazi kutoka Uarabuni.

Hata hiyo "ichi, ni, san" ambayo binti yetu anaiimba, Wajapani waliichukua China zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Namba zao za asili ni hitotsu, futatsu, mittsu, na katika karate huzisikia hasa pale wanapotamka maadili mwisho wa mazoezi, ambapo kila sharti huanza kwa "hitotsu", moja, ili lisiwepo sharti la pili. Waokinawa nao wana zao: tiichi, taachi, miichi. Katika ukumbi wa mazoezi, zile hatujapata kuzisikia.

Mavazi na vyeo navyo ni vya kuazima. Walimu wa kale wa Okinawa walifundisha uani, wanafunzi wachache, bila mikanda wala madaraja. Suti nyeupe ilitoka katika judo ya Kano Jigoro, aliyeanzisha chuo chake mwaka 1882. Mwaka 1883 Kano alitoa vyeo vya kwanza vya "dan", akiazima neno hilo kutoka kwa wachezaji wa go, mchezo wa ubaoni ambao kwa Wajapani ni kama bao letu. Funakoshi akawapa wanafunzi wake dan za kwanza mwaka 1924. Kwa hiyo mkanda mweusi, ambao kwetu ndiyo alama yenyewe ya karate, haujatimiza miaka 150 katika judo, na katika karate una takriban karne moja tu.

Hapo msomaji atauliza: kuna ubaya gani? Lugha zote huazima. Kweli, na Mswahili ni wa mwisho kulalamika juu ya kuazima. Tena tuseme haki: waliobadili majina haya walikuwa Waokinawa wenyewe, si polisi wa Tokyo. Walitaka sanaa yao ikae mezani pamoja na judo na kendo badala ya kufa kijijini, na walifaulu. Lau wasingefanya hivyo, huenda binti yetu asingeijua leo.

Lakini bei ilikuwepo, na hiyo ndiyo iliyotunyima usingizi. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika shule za Okinawa, mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya nyumbani alivishwa shingoni kibao cha mbao kiitwacho "hogen fuda". Alikaa nacho mpaka amkamate mwenzake akikosea vilevile, ndipo akivue. Wasomaji waliosoma Kenya mnatabasamu kwa uchungu, maana mnakijua. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni waliokamatwa wakisema Kigikuyu walivyovishwa kibao cha chuma chenye maneno ya kuwadhalilisha, na jinsi watoto walivyofanywa wapelelezi wa wenzao. Bahari mbili tofauti, serikali mbili tofauti, kibao kimoja.

Okinawa iliishia mahali pabaya zaidi. Mwaka 1945, Wamarekani walipotua visiwani, jeshi la Japani lilitoa amri kwamba atakayesikika akisema Kiokinawa ahesabiwe kuwa mpelelezi. Wapo waliouawa kwa tuhuma hiyo. Katika vita hivyo walikufa Waokinawa wapatao 120,000, raia kwa askari, na miongoni mwao walimu wa karate na wanafunzi wao. Kisha visiwa vikakaa chini ya Marekani hadi mwaka 1972. Mwaka 2009 UNESCO iliziorodhesha lugha sita za Ryukyu kuwa ziko hatarini kutoweka. Wazee wanazisema, wajukuu hawazisemi.

Katika miaka iyo hiyo karate ilipokuwa ikitafutiwa jina, Kiswahili nacho kilikuwa kikitafutiwa sura. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kimvita na Kiamu, vilivyobeba tenzi kwa karne nyingi, vikawekwa kando ya darasa. Hatusemi kwamba mambo haya ni sawa. Hakuna aliyeuawa kwa kusema Kimvita. Tunasema tu kwamba lugha iliyonyooshwa ikaenea mbali huacha nyuma yake lugha zilizobaki nyumbani, na mtu mwungwana huwakumbuka waliobaki.

Baada ya vita yalitokea mageuzi mengine, ya tafsiri. Askari wa Marekani waliowekwa Okinawa walijifunza karate, wakarudi nayo kwao. Lile neno tulilosema hatulitamki mbele ya wakwe wakalitafsiri kuwa ni kuzuia, na dunia nzima ikafuata. Lakini linatokana na kitenzi "ukeru", ambacho maana yake ni kupokea. Tofauti si ndogo. Anayezuia husimama kama ukuta, na mwenye nguvu zaidi humbomoa. Anayepokea huukuta mkono wa adui njiani, hugeuka nao, huuelekeza pengine, kama mtu anavyompokea mgeni mzigo mlangoni. Tulipomweleza binti hivyo, tena kwa Kiswahili, "usizuie, pokea", alisimama katikati ya sebule akajaribu mara tatu. Kisha akasema mwalimu wake humwambia kila siku alegeze bega, na hakuwahi kuelewa kwa nini.

Na "sensei"? Si mwalimu tu. Kwa alama zake ni aliyetangulia kuzaliwa. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa hilo. Ndiyo sababu ya shikamoo. Wako wazazi Waislamu huku walioingiwa na wasiwasi watoto wao walipoambiwa wainame, "rei". Wapo walimu waliowaelewa, wakakubali mtoto aweke mkono kifuani, kwa sababu neno lenyewe maana yake ni adabu, na adabu ina njia nyingi.

Dunia nayo imezunguka. Mwaka 2005 baraza la mkoa wa Okinawa lilitangaza tarehe 25 Oktoba, siku ya mkutano ule wa Naha, kuwa siku ya karate. Karate ilipoingia Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, medali ya dhahabu ya kata kwa wanaume ilikwenda kwa Kiyuna Ryo, Mwokinawa wa kwanza katika historia kupata dhahabu ya Olimpiki. Alipanda jukwaani na picha ya marehemu mama yake mkononi. Siku iliyofuata Feryal Abdelaziz wa Misri naye alipata dhahabu katika kupigana, na mwamuzi alimwita kwa maneno yale yale, "hajime" na "yame", yasiyo ya kwao wala si hasa ya Okinawa, lakini kila mtu ukumbini aliyaelewa. Mwaka 2024 kule Paris karate haikuwamo tena.

Turudi sebuleni. Tumejiuliza kwa nini mtoto aliyeshindwa na sita, saba na nane anayashika maneno 60 ya Kijapani. Jibu liko kwenye miguu yake. Mwalimu anaposema "mae-geri", teke la mbele, mguu unaruka papo hapo. Neno na mwili vinaingia pamoja. Sisi je? Kiswahili tumekiweka katika daftari la Jumamosi na katika hotuba za kuwalaumu. Jikoni, garini, sokoni, mahali ambapo neno lingepata mguu na mkono, tunasema Kiingereza kwa sababu tuna haraka. Waokinawa walivishwa kibao. Sisi hakuna aliyetuvisha, tumejivisha wenyewe.

Kwa hiyo tumeanza jambo dogo. Kila jioni binti anapofanya mazoezi yake, baba mwenye kitambi naye hujinyoosha pembeni. Mateke kumi ya kwanza huhesabiwa kwa Kijapani, kwa heshima ya walimu wake. Kumi ya pili kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Wiki ya tatu alivuka sita bila kukwama.

Juzi bibi alipiga tena. "Mjukuu wangu, upo?" Mtoto, kwa mazoea ya ukumbini, akaitikia: "Hai!" Bibi hakushtuka safari hii. "Alhamdulillahi," akasema, "hai na mzima. Haya nihesabie hayo mateke."